Sheria haitaji rangi, lakini inamzuia nani? Majibu kwa maswali yenu kuhusu Uingereza

Tangu niandike kuhusu wazazi wanaonyimwa viza ya kwenda kuwaona wajukuu wao Uingereza, maswali yamekuwa mengi. Leo nayajibu sita.

Nimenyimwa viza ya kwenda kumtazama binti yangu aliyejifungua. Barua inasema hawaamini kwamba nitarudi. Nina shamba, nina nyumba, nina mume. Je, ni kwa sababu ya rangi yangu? (Mama, Tanga)

Shikamoo mama, na pole sana. Kwa barua peke yake siwezi kuapa kuwa ni rangi. Ninachoweza kukueleza ni jinsi mlango wenyewe ulivyojengwa.

Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa rangi, uraia na asili. Lakini sheria hiyohiyo imeacha mwanya upande wa uhamiaji: waziri akiidhinisha, ofisa anaruhusiwa kuwatendea watu tofauti kwa sababu ya uraia wao. Rangi ya ngozi hairuhusiwi kutumika. Pasipoti inaruhusiwa.

Kuanzia 2015 maombi ya viza yalipitishwa kwanza kwenye programu ya kompyuta iliyoyapanga kwa nyekundu, njano na kijani, kama taa za barabarani. Uraia ulikuwa mojawapo ya vigezo, na kulikuwa na orodha ya siri ya mataifa yaliyotiliwa shaka. Aliyeangukia nyekundu alichunguzwa kwa ukali na alikuwa rahisi zaidi kukataliwa. Kisha hao waliokataliwa wakahesabiwa kuwa ushahidi kwamba watu wa taifa lile ni wa kutiliwa shaka, na anayefuata akaangukia nyekundu pia. Mashirika mawili ya kutetea haki, JCWI (la wahamiaji) na Foxglove (la masuala ya teknolojia), yalifungua kesi. Agosti 2020 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza iliiondoa programu hiyo kabla mahakama haijatoa uamuzi. Kinachoniuma, mama, ni kwamba kwa miaka yote hiyo mwombaji alipewa barua kama yako, inayozungumzia shamba lake na stetimenti yake ya benki, bila neno hata moja kuhusu ile taa.

Babu yangu alikuwa na pasipoti ya Uingereza, lakini mwaka 1968 alizuiwa kuingia. Iliwezekanaje? (Msomaji, Mombasa)

Pasipoti yake ilikuwa halali kabisa. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, wakazi wengi wenye asili ya Bara Hindi walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Wengi hawakuomba, wakabaki raia wa Uingereza. Mwaka 1967 Bunge la Kenya likapitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasio raia, maduka yakaanza kufungwa na watu wakaanza kupanda ndege. Nalisema hilo wazi, kwa sababu nasi tunahusika.

London ilishtuka. Serikali ya Harold Wilson, na James Callaghan akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, iliharakisha sheria mpya bungeni kwa siku chache tu, na Machi 1968 ikaanza kutumika. Ilisema hivi: raia wa Uingereza anayetoka ng'ambo ataingia bila kizuizi ikiwa yeye, mzazi wake, au babu au bibi yake alizaliwa Uingereza au alipata uraia wake huko.

Hebu isome tena taratibu. Hakuna neno mzungu, hakuna neno Mhindi. Lakini mjukuu wa mlowezi aliyezaliwa Kenya alipita, kwa kuwa babu yake alizaliwa Kent, Uingereza. Babu yako, mwenye pasipoti ileile, akaambiwa asubiri vocha, yaani kibali maalumu cha kuingia, na vocha zilianza kwa 1,500 tu kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ilipochunguza malalamiko ya Waasia wa Afrika Mashariki, ilikubali kwamba sheria hiyo iliwabagua kwa rangi, na kwamba ubaguzi huo ulifikia kiwango cha kuwavunjia utu wao. Kila ninapoambiwa kwamba kanuni fulani haina ubaguzi kwa sababu haitaji rangi, naikumbuka sheria hii, kisha nauliza imewaacha nje akina nani.

Mbona mawaziri waliobana uhamiaji wenyewe ni watoto wa wahamiaji, tena kutoka kwetu? (Msomaji, Kampala)

Ni kweli. Familia ya Priti Patel ilitoka Uganda, baba yake Suella Braverman alitoka Kenya mwaka 1968, na wazazi wa Rishi Sunak walizaliwa Kenya na Tanganyika. Lakini kanuni haibadiliki kwa sababu ya sura ya anayeitia saini.

Chukua sheria inayomtaka mwenye nyumba akague vibali vya mpangaji kabla ya kumkodisha. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba baadhi ya wenye nyumba wanabagua kwa sababu ya sheria hiyo, lakini ikaiacha iendelee. Ukaguzi wa namna hiyo ndio uliowaponza wazee wa Windrush, kizazi kilichopewa jina la meli, waliotoka Karibi kihalali wakiwa watoto na hawakuwa na karatasi za kuthibitisha. Walipoteza kazi, nyumba na matibabu, na wasiopungua 83 waliondolewa nchini.

Waukraine walifunguliwa milango, wengine ikatakiwa waletwe kwetu Rwanda. Kuna maelezo zaidi ya rangi? (Msomaji, Kigali)

Yapo, na ni haki kuyataja. Vita vya Ukraine viko Ulaya kwenyewe. Tena tangu Januari 2021 watu wa Hong Kong, ambao si wazungu, wamefunguliwa njia yao.

Lakini tazama tarehe. Machi 2022 Waukraine walianzishiwa mpango wa viza isiyolipiwa. Tarehe 14 Aprili, mwezi uliofuata, ukatangazwa mpango wa kuwapeleka Rwanda wanaofika kwa mashua. Mwaka 2023 vita vilipozuka Sudan, hakuna viza kama ile iliyotolewa. Msudani hawezi kuomba hifadhi akiwa nje ya Uingereza. Lazima afike, na akipanda mashua anaitwa mhalifu. Mpango wa Rwanda ulikataliwa na Mahakama ya Juu Novemba 2023 na ukafutwa 2024, baada ya kutumia pauni milioni 700 na kupeleka watu wanne, wote kwa hiari.

Kwani nchi haina haki ya kuchagua wageni wake? (Msomaji, Nakuru)

Inayo. Lakini mwaka 2025 Mmarekani alijaza fomu kwenye simu kwa pauni 16, na Mkenya akalipa 127 zisizorudishwa ili ahojiwe nia yake. Anayechagua hivyo ana wajibu wa kueleza sababu.

Nikinyimwa nifanye nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Rufaa ya kawaida kwa wanaotembelea ndugu ilifutwa Juni 2013, na kwenda mahakamani ni ghali. Anza kwa kuiomba Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza taarifa zote ilizo nazo juu yako. Sheria yao ya taarifa binafsi inakupa haki hiyo bila malipo, na kwa kawaida hujibu ndani ya mwezi mmoja. Maelezo ya ofisa mara nyingi husema zaidi ya barua. Kisha omba upya, ukijibu kila shaka kwa ushahidi. Ukiulizwa kama umewahi kunyimwa viza, sema ndiyo. Wakikukuta umedanganya, wanaweza kukufungia kwa miaka 10.