Barua kwa mwanangu: kuanzia wiki ya 21 hadi ya 27

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza mambo mawili: sasa ulipofika wiki ya 21, utarajie nini mpaka uanze miezi mitatu ya mwisho, na utajuaje maumivu ya kawaida na yale ya kukimbilia hospitali. Swali la pili ni zito zaidi, kwa hiyo sehemu kubwa ya barua hii ni yake. Kichefuchefu kimeisha, tumbo halijawa mzigo, usingizi unapatikana. Ndiyo sababu wengi huanza kukosa kliniki kipindi hiki, na ndicho kipindi ambacho presha, sukari na upungufu wa damu huanza bila kuuma popote. Kujisikia vizuri si kipimo, mwanangu.

Nianze na mtoto. Sasa hivi ana gramu kati ya 350 na 400 hivi. Ukifikia wiki ya 27 atakuwa anakaribia kilo moja. Anasikia, na kelele ya ghafla inaweza kumshtua. Ukihisi midundo midogo inayofuatana kwa mpangilio ule ule, hiyo ni kwikwi yake, wala haina shida. Mapafu ndiyo yaliyochelewa: ni kuanzia karibu wiki ya 24 ndipo yanaanza kutengeneza ule utando mwororo unaozuia vifuko vya hewa visigandamane mtoto anapopumua, na mwanzoni unakuwa kidogo mno. Kwa sababu hiyo kila wiki anayoongeza tumboni kipindi hiki ina thamani kubwa.

Kucheza kwa mtoto kunawachanganya wengi. Kwa mimba ya kwanza, mama anaweza kuanza kuhisi baada ya wiki ya 20, tena kama kondo la nyuma limekaa upande wa mbele, mateke yanafika yakiwa yamepungua nguvu. Wiki ya 24 ikifika hujahisi kitu, nenda kliniki, usingoje tarehe ya kadi. Ukishaanza kumhisi, jifunze mazoea yake: saa anazochangamka, saa anazotulia. Hakuna idadi moja ya mateke inayowafaa watoto wote. Kinachohesabika ni badiliko: akipunguza au akinyamaza tofauti na desturi yake, nenda siku hiyo hiyo. Vile vifaa vya kusikilizia mapigo ya moyo nyumbani usivitumie kujituliza, maana sauti unayoisikia inaweza kuwa ya damu yako mwenyewe, na hata ikiwa ya mtoto, moyo kupiga hakuthibitishi kwamba yuko salama.

Kliniki, mkunga atapima tumbo kwa futi ya kamba kuanzia juu ya mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba. Kuanzia wiki ya 24 sentimita hukaribiana na wiki, na tofauti ya sentimita 2 juu au chini ni ya kawaida. Ikizidi hapo, huenda tarehe zilikosewa, maji ya uzazi yamezidi au yamepungua, au mtoto hakui inavyopasa. Ultrasaundi ndiyo itakayoeleza. Nenda haja ndogo kabla ya kupimwa, kwani kibofu kilichojaa hupandisha kipimo.

Kati ya wiki ya 24 na ya 28 hupimwa kisukari cha mimba. Homoni za kondo la nyuma huifanya insulini yako isifanye kazi kwa ukamilifu, na kongosho lisipoweza kuongeza insulini ya kutosha, sukari hupanda. Kipimo kamili kinahitaji ukae bila kula kwa saa 8 au zaidi usiku, maji matupu ruhusa. Asubuhi unatolewa damu, unakunywa gramu 75 za glukosi iliyoyeyushwa katika maji ndani ya dakika chache, kisha unatolewa damu tena baada ya saa 1 na baada ya saa 2. Vipimo vingi hutumia mipaka hii: 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa 1, na 8.5 baada ya saa 2, kwa milimoli kwa lita. Mmoja tu ukifikiwa, unatosha kusema una kisukari cha mimba. Usipunguze wanga siku chache kabla ukidhani unajisaidia, kwa sababu majibu yatapotoka. Usitembeetembee wala kula katikati, na ukitapika waambie, maana kipimo hicho hakifai tena. Sukari ikigunduliwa, wengi huidhibiti kwa mpangilio wa chakula na kutembea baada ya kula. Wengine huhitaji dawa.

Presha ndiyo ninayoiogopa kuliko yote, kwa kuwa hali inayotangulia kifafa cha mimba huanza baada ya wiki ya 20, na wengi hawahisi kitu mwanzoni. Kabla ya kupimwa kaa dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, miguu usiipandanishe, mkono ukiwa usawa wa moyo. Ikifika 140 juu au 90 chini, lazima ifuatiliwe. 160 au 110 ni dharura ya siku hiyo. Mkojo wa kupima protini uwe wa katikati ya haja, baada ya kujisafisha, la sivyo ute wa ukeni utachafua majibu. Na hata presha ikiwa ilipimwa nzuri juzi, kichwa kinachouma sana na kisichotulia, macho kuona vimulimuli au ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, au uso na mikono kuvimba ghafla ni sababu ya kwenda hospitali usiku huo huo. Miguu kuvimba jioni na kunywea asubuhi ni jambo jingine, la kawaida. Lakini mguu mmoja peke yake ukivimba, ukauma na kupata joto, huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa; usiukande, nenda.

Kuhusu damu: maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo kiwango hushuka kidogo hata kwa mwenye afya. Kikiwa chini ya gramu 10.5 kwa desilita kipindi hiki, hesabu kwamba una upungufu wa damu. Dozi ya kawaida ya kukinga ni miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma na miligramu 0.4 za asidi ya foliki kila siku. Meza pamoja na tunda lenye vitamini C. Chai, kahawa, maziwa na vidonge vya kalsiamu vikae mbali kwa saa 2 hivi, kwa kuwa huzuia chuma kunyonywa. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Tumbo likisumbuka, hamishia kidonge usiku baada ya chakula au uliza kuhusu aina nyingine. Wengi huacha kimya kimya kwa sababu ya kufunga choo, kisha hufika leba wakiwa hawana akiba ya damu.

Sasa maumivu. Ukiinuka ghafla, ukigeuka kitandani au ukipiga chafya, unaweza kuhisi mchomo mkali kwenye kinena, upande mmoja au pande zote. Hizo ni kano zinazoshikilia mji wa mimba zikivutika. Mchomo hupita baada ya sekunde chache. Ukitaka kuinuka kitandani, lala kwanza ubavu, kisha jisukume kwa mikono. Kiungulia kinatokana na homoni kulegeza mlango wa juu wa tumbo la chakula: kula kidogo mara nyingi, na usilale ndani ya saa 2 baada ya kula. Misuli ya miguu ikikaza usiku, nyoosha goti na uvutie vidole vya mguu kwako. Na ukilala chali ukahisi kizunguzungu au jasho, mji wa mimba umebana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni; geukia ubavu, kushoto au kulia. Ni vizuri kuzoea sasa, kwa sababu kuanzia wiki ya 28 unashauriwa kuanza usingizi ukiwa umelala ubavu.

Tumbo litakuwa gumu mara kwa mara kisha lilegee. Hiyo ni mikazo ya mazoezi: haina mpangilio, haiongezeki nguvu, na hukoma ukinywa maji, ukienda haja ndogo au ukibadili mkao. Tofautisha na uchungu wa kabla ya wakati. Huo huja kwa mpangilio, kila dakika 10 au chini ya hapo, na haukomi ukipumzika. Wakati mwingine hauji kama maumivu ya tumbo: ni kiuno kinachouma na kuachia, au uzito unaosukuma nyongani, au ute unaoongezeka ghafla na kuwa wa majimaji au wenye damu.

Ukihisi umelowa na hujui kama ni mkojo, vaa pedi safi, utembee nusu saa, kisha uitazame. Mkojo una harufu yake na mara nyingi hutoka ukikohoa. Maji ya uzazi huendelea kuvuja, hayana rangi au yana wekundu kidogo. Ukiona yanavuja, au ukibaki na shaka, nenda na pedi hiyo. Usiingize chochote ukeni, wala usifanye tendo la ndoa.

Naomba uelewe kwa nini usingoje asubuhi. Kati ya wiki ya 24 na ya 34, madaktari wakiona mtoto atazaliwa karibuni wanaweza kumchoma mama sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Hizo hufanya kazi vizuri zaidi zikipata angalau saa 24 kabla ya kujifungua. Mama anayefika mapema hupata muda huo, na anaweza kuhamishiwa hospitali yenye wodi ya watoto njiti kabla mtoto hajatoka. Kumsafirisha mtoto akiwa tumboni ni salama kuliko kumsafirisha akiwa na gramu 800 mikononi.

Damu ya kiasi chochote, nenda. Kama ultrasaundi ya wiki ya 20 ilionyesha kondo la nyuma limekaa chini, litaje kabla hujaguswa, kwa sababu kupimwa kwa vidole kunaweza kuzidisha damu. Mara nyingi kondo hilo huonekana limepanda mji wa mimba unapokua, na hurudiwa kupimwa karibu wiki ya 32. Na kama kundi lako la damu ni hasi, sema pia: kuna sindano ya anti-D, ya kuzuia mwili wako usitengeneze kinga ya kushambulia damu ya mtoto, inayotakiwa ndani ya saa 72 baada ya kutokwa na damu au kuanguka na kugonga tumbo, mbali na ile ya kawaida ya wiki ya 28.

Homa ya nyuzi 38, mkojo unaochoma, au ubavu unaouma nyuma usivitibu kwa dawa za kukisia. Maambukizi ya mkojo yakipanda kwenye figo yanaweza kuanzisha uchungu.

Wiki hii hii kubaliana na mumeo nani atakupeleka hospitali usiku wa manane, na kadi ya kliniki ikae kwenye mkoba unaotoka nao kila siku. Ukitoka kliniki niandikie namba tatu: presha, kiwango cha damu, na sentimita za tumbo.

Mama yako