Mshale hauoni korongo: kwa wanaoanza kutembea milimani na GPS ya mkononi

Wengi Mombasa wanaoanza kupanda milima hununua GPS, kifaa cha kujua mahali ulipo kwa setilaiti, kabla ya viatu. Si vibaya. Kasoro ni kulifungua boksi kwa mara ya kwanza pale Bungule, chini ya mlima Kasigau, alfajiri, mwongozaji anasubiri na mikoba imeshapanda mgongoni. Makosa mengi ya wageni hayatoki angani kwenye setilaiti. Yanatoka kwenye menyu ya mipangilio, na yote yalikuwa ya kumalizwa mezani nyumbani siku tatu kabla ya safari.

Tuanze na kukiwasha. Kifaa kilichokuja kutoka Dubai hakijui kiko wapi, na kinahitaji muda wa kulisoma anga upya. Kipeleke Mama Ngina upande wa bahari, kiweke juu ya ukuta uso ukitazama juu, ule mihogo yako kwa robo saa bila kukigusa. Kila setilaiti hutangaza taarifa za njia yake yenyewe kwa mzunguko wa sekunde 30, na orodha ya setilaiti zote za GPS huchukua dakika 12 na nusu kumalizika. Ukikitia mfukoni katikati ya tangazo, kipande hicho huanza upya. Ndiyo sababu mtu anayetembea huku na huku chini ya miembe akilaumu "mtandao" hukaa nusu saa bila kupata kitu, na aliyetulia sehemu ya wazi huwa ameshamaliza. Na GPS haihitaji mtandao wa simu hata kidogo. Inasikiliza tu, haitumi.

Kifaa kinahitaji setilaiti 4. Latitudo, longitudo na mwinuko ni vitu vitatu. Ya nne ni ya kurekebisha saa ya ndani, maana saa iliyomo kwenye kifaa cha bei hii haiwezi kulingana na saa za atomiki zilizoko juu. Kikipata 3 tu, hukisia mwinuko, na hapo usikiamini mlimani.

Ukitoka Mama Ngina, ingia nacho Mji wa Kale, upite Ndia Kuu na vichochoro vyake huku kinarekodi. Halafu itazame ile njia kwenye skrini: utajiona umetembea juu ya mapaa na kukata kuta za watu. Mawimbi yamegonga ukuta yakarudi, kwa hiyo yamesafiri mbali zaidi kuliko yalivyopaswa, nacho kifaa kimeamini umbali huo. Chini ya jabali la Kasigau au ndani ya msitu mnene wa Taita mambo ni hayohayo. Ile namba ya usahihi, mita 3 au mita 12, ni makisio ya kifaa chenyewe, si kiapo. Ikipanda ghafla, simama mahali palipo wazi zaidi na uipe dakika mbili.

Sasa mipangilio, na hapa tutakaa kidogo.

Kwanza, zima ile sehemu inayokubandika barabarani, ambayo kwenye vifaa vingi vya Garmin imeandikwa "Lock on Road". Ikiwa imewashwa, kifaa kitakuvuta hadi kwenye barabara iliyo karibu hata kama uko mita 40 ndani ya msitu. Halafu chagua mwongozo wa moja kwa moja. Ukiacha ule wa magari, utaomba kilele kilicho mbele yako nacho kikuzungushe kwa barabara ya matatu. Kuna pia WAAS/EGNOS, mifumo ya kusahihisha usomaji wa GPS: masahihisho ya WAAS ni ya Amerika Kaskazini na ya EGNOS ni ya Ulaya. Huku kwetu yanakula betri tu. Zima. GLONASS au Galileo, yaani setilaiti za Urusi na za Ulaya, kama kifaa kinazo, ziache zikiwa zimewashwa. Setilaiti nyingi zaidi husaidia bondeni na msituni.

Pili, namna ya kuandika mahali. Nyuzi (digrii) za latitudo na longitudo zina sura tatu: nyuzi kwa desimali, nyuzi na dakika, na nyuzi, dakika na sekunde. Mtu akikuandikia S 4°03.700' halafu wewe ukaingiza 4.037, umekosea kwa takriban kilomita 2.7, kwa sababu dakika 3.7 ni nyuzi 0.0617 na si 0.037. Uzi mmoja ni kama kilomita 111, dakika moja ni kilomita 1.85. Na ile S, yaani kusini, usiisahau. Ukiiweka Mombasa kaskazini ya ikweta, utaona kifaa kimekupeleka karibu kilomita 900, ndani ya Ethiopia, kupita Moyale. Kosa kubwa namna hiyo lina heri yake, maana hata mtoto analiona. Linaloponza ni lile la kilomita mbili.

Tatu, na hili ndilo linalowasumbua hata wazoefu: datamu, yaani msingi ambao namba za mahali hupimwa kutoka kwake. Ramani za karatasi za 1:50,000 zilizochapwa na Survey of Kenya zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960. GPS ikitoka kiwandani iko kwenye WGS 84. Ukisoma namba kwenye kifaa ukaziweka kwenye karatasi bila kubadilisha, utakuwa umejiweka takriban mita 300 pembeni, karibu zote kwa upande wa kaskazini na kusini. Kwenye karatasi hizo ni milimita 6, upana wa kidole cha mtoto. Mlimani, mita 300 ni tofauti kati ya kuwa kwenye mgongo wa mlima na kuwa chini kwenye korongo la pili.

Kwa hiyo, ukitumia ramani hizo za karatasi, ingia kwenye mipangilio ya mahali, weka "UTM UPS" (mahali kuandikwa kwa mita badala ya nyuzi) kwenye namna ya kuandika na "Arc 1960" kwenye datamu. Kisha hakiki. Simama mahali panapoonekana wazi kwenye ramani, njia panda au daraja, usome. Tuseme kifaa kinaonyesha 37M 0427350 na 9624120. 37M ni kanda yetu, na inafika Taita na Mombasa zote mbili. Umashariki huja kwanza, ukaskazini baadaye. Kwenye pembezoni za ramani namba mbili huwa zimechapwa kubwa: tafuta mstari wa 27 ukutane na ule wa 24. Hapo ni kona ya kusini-magharibi ya mraba wako wa kilomita moja, yaani sentimita 2. Mita 350 zilizobaki ni milimita 7 kwenda kulia, na mita 120 ni milimita 2 na kidogo kwenda juu. Ncha ya penseli ikiangukia njia panda uliyosimama, umemaliza. Ikiangukia milimita 6 juu au chini yake, datamu bado ni ile ya kiwandani.

Ukimtumia mwenzako pointi, yaani mahali ulipohifadhi kwenye kifaa, mwandikie datamu pia. Pointi za mitandaoni na za simu ni za WGS 84, kwa hiyo irudishe datamu kwanza kabla ya kuziingiza kwa mkono. Faili la GPX, lile la kuhamishia pointi na njia kati ya vifaa, halina shida hiyo. Kifaa hulitafsiri chenyewe.

Kuhusu pointi za njiani: usiweke kilele tu ukaridhika. Mshale wa kifaa huelekea kitu kama kunguru anavyoruka, haujui jabali wala korongo, na Kasigau imezungukwa na kuta za mawe pande nyingi. Kaa na ramani, utie pointi kila njia inapopinda, inapogawanyika na inapovuka kijito. Kwa mwendo wa saa 4, pointi 8 hadi 12 zinatosha. Zipe majina mafupi yanayofuatana, 01GARI, 02MTO, 03NJIAPANDA, kwa sababu majina marefu hukatwa kwenye skrini ndogo na "Njia ya kwenda" zote zikafanana. Ile 01GARI iweke ukiwa pale pale gari lilipo, usiikisie kwenye ramani.

Kabla ya hatua ya kwanza, futa rekodi ya zamani na urudishe kihesabu safari kuwa sifuri. Asiyefanya hivi hujikuta na mstari mmoja ulionyooka kutoka Nyali hadi Wundanyi, na kilomita 160 ambazo hakuzitembea. Unapopumzika kwa muda mrefu, simamisha kurekodi. Kifaa kilichotulia huwa kinacheza mita mbili tatu huku na huku, kinazihesabu kama mwendo, na mwisho wa siku utaambiwa umetembea kilomita 14 wakati njia ni 11.

Rekodi hiyo ndiyo mali kubwa zaidi uliyobeba. Taita ukungu hushuka haraka, hasa misitu ya juu upande unaopigwa na upepo wa bahari, na njia uliyopandia asubuhi huioni tena. Amuru kifaa kikurudishe kwa rekodi yako mwenyewe. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, walisema wenye vyombo, na hapa ngamani ni 01GARI.

Lalamiko tunalolisikia sana ni kwamba mshale unazunguka kama pia. Mara nyingi si ubovu. Vifaa kama Garmin eTrex 22x havina dira ya kielektroni. Vinajua unaelekea wapi kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo. Ukisimama, havijui. Tembea hatua 15 au 20 kwa mstari ulionyooka, ukitazama skrini mwishoni, mshale utatulia. eTrex 32x ina dira, lakini dira yake lazima isawazishwe upya kila unapobadilisha betri, tena mbali na gari na mbali na simu yenye kava la sumaku. Yote hayo hayaondoi haja ya dira ya kawaida ya shilingi chache. Huku kwetu tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli ni ndogo kiasi cha kutosumbua mtembea kwa miguu, kwa hiyo hakuna kisingizio.

Mwinuko una mambo yake. Kifaa chenye baromita hupima kanieneo ya hewa, na karibu na usawa wa bahari hektopaskali moja, kipimo cha kanieneo, ni kama mita 8 za mwinuko. Ukanda huu wa ikweta kanieneo hupanda na kushuka kila siku kwa saa zake, mithili ya maji kujaa na kupwa: juu kabisa kama saa nne asubuhi, chini kabisa kama saa kumi jioni. Tofauti inafika hektopaskali 3 hivi. Maana yake ni kwamba ukisawazisha saa nne asubuhi, ifikapo saa kumi kifaa kinaweza kukupandisha mita 25 ukiwa umekaa kwenye jiwe lilelile. Sawazisha chini ya mlima, kisha tena popote unapojua mwinuko kwa hakika. Kilele cha Vuria, huko Taita, ni mita 2,208 na cha Kasigau ni mita 1,641. Ukifika juu, ingiza namba hiyo, ndipo uanze kushuka.

Betri. Tumia za kuchaji za NiMH, na uiambie menyu kwamba ni NiMH. Hizi ni volti 1.2 wakati za alkalaini ni 1.5, kwa hiyo ukiacha mpangilio wa alkalaini kifaa kitalia njaa mapema. Zile za bei ya chini kabisa za dukani, zisizoandikwa alkalaini, hazifiki mchana. Beba jozi mbili za akiba, kila jozi imefungwa mpira wake, usichanganye nzee na mpya: iliyochoka hubebeshwa mzigo hadi ikavuja. Mtengenezaji huandika saa 25 kwa eTrex, lakini ni kwa taa ya skrini iliyozimwa.

Na hewa ya chumvi ya pwani haina huruma. Kifaa kisichotumika kwa wiki mbili kitoe betri. Ukifungua ukakuta unga mweupe kwenye springi, ni alkalaini iliyovuja: kijiti cha pamba chenye tone la siki au ndimu, sugua mpaka kiache kuchemka, futa kwa kijiti kingine chenye maji kidogo, maliza kwa spiriti, uache wazi saa nzima. Ukiwa hapo, pitisha kidole kwenye ule mpira wa kifuniko. Chembe moja ya mchanga wa ufukweni ikikaa chini yake, alama ya IPX7, yaani mita moja ya maji kwa dakika 30, haina maana tena.

Shimba Hills na hifadhi nyingine zenye wanyama hutembei peke yako, unakwenda na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, na hakuna pointi inayojua ndovu wamelala wapi leo. Mruhusu akubadilishie njia, wewe endelea kurekodi.

Mwisho, jifunze kumsomea mtu mahali ulipo kwa simu. Kabla ya kupiga, badilisha mpangilio uwe nyuzi kwa desimali na datamu WGS 84, kwa sababu anayepokea atakuwa na ramani ya simu. Soma namba moja moja: "Kusini, tatu, nukta, nane, tatu, moja, tano. Mashariki, tatu nane, nukta, sita, sita, mbili, sifuri." Nyamaza. Mwambie azisome kwako kuanzia neno "kusini", na asipolisema, anzeni upya.