Mpishi wa shule ya serikali analipwa na nani? Jibu kutoka kwa mwalimu mkuu mstaafu

Mkuu, nimeusoma uzi wako mara mbili. Unasema mama yako anapika uji na makande kwenye shule ya msingi ya serikali, makubaliano ni elfu 40 kwa mwezi, huu ni mwezi wa 3 hajaona kitu, na unauliza kama mwalimu mkuu "anakula jasho la mama". Wachangiaji karibu wote wamekujibu kwamba anakula. Inawezekana. Walimu wakuu wezi nimewaona kwa macho yangu, mmoja tulisoma naye chuo. Ila mimi nilikalia kile kiti miaka 8, kuanzia 2014 hadi nilipostaafu 2022, shule moja ya tambarare huku Kilimanjaro, na kuna wakati nilikaa miezi 4 sijamlipa mlinzi na mfukoni kwangu hamkuwa na senti yake. Ngoja nikueleze hela yenyewe inavyotembea, halafu utajua umshike nani shati.

Serikali inatoa ruzuku ya uendeshaji, sisi walimu tunaiita kapitesheni. Shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Narudia, kwa mwaka. Humo ndani 4,000 inakatwa juu kwa juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndiyo inaingia akaunti ya shule. Mimi nilikuwa na watoto 640. Piga hesabu: 3,840,000 kwa mwaka, sawa na 320,000 kwa mwezi. Hapo utoe chaki, karatasi, kuchapa mitihani, kugongelea madawati, mipira, na nauli ya kupeleka taarifa wilayani. Kila kitu kina fungu lake. Tafuta fungu la mlinzi, hulioni. La mpishi, hulioni.

Na hiyo 10,000 yenyewe ni mzee mwenzangu. Iliwekwa wakati wa MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, 2002, ikihesabiwa kama dola 10 kwa mtoto. Leo ukienda nayo kubadilisha hupati hata dola 5. Rimu ya karatasi niliikuta elfu 8 nilipoanza, nimeiacha elfu 13. Kapitesheni nimeikuta 10,000 na nimeiacha 10,000.

Zamani tulijazia kwa michango. Kabla ya 2016 kamati ya shule yetu ilipanga elfu 12 kwa mtoto kwa mwaka, ndani yake mlinzi, mpishi na maji. Wazazi walilalamika na walikuwa na haki, maana asiyelipa tulimrudishia mtoto nyumbani. Mimi mwenyewe nimerudisha watoto. Kuna kabinti ka darasa la tatu kalikuwa kanarudishwa kila Jumatatu, hadi kakawa Jumatatu hakaji kabisa, kanasubiri Jumanne. Kwa hiyo Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulipofuta ada na michango, sikulia. Januari 2016 darasa la kwanza liliruka kutoka watoto 74 hadi 163 kwa mkupuo. Watoto wa miaka 9 na 10 ambao hawajawahi kushika daftari walijitokeza. Msije mkanisoma hapa mkadhani nataka turudi kule.

Ila waraka ulifuta mchango wa mlinzi, mlinzi mwenyewe akabaki getini. Mimi mwalimu mkuu nilikumbukwa, nikaanza kupata posho ya madaraka 200,000 kwa mwezi. Yeye alikuwa akipata elfu 50 za wazazi, na ghafla hizo hela hazina mwenyewe. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni kwa ukali zaidi, na ile hofu iliyoshuka kwa walimu wakuu wanaijua waliokuwepo. Baadaye ikafafanuliwa kwamba wazazi wanaweza kuchangia kwa hiari yao, kupitia serikali ya kijiji, mwalimu asiguse hela. Tukaitisha mkutano chini ya mwembe, mwenyekiti wa kijiji akaongoza, wakakubaliana shilingi 1,000 kwa kaya kwa mwezi. Kaya zilikuwa kama 380. Mwezi wa kwanza zikalipa 210. Wa pili 90. Wa tatu mtendaji wa kijiji akaniletea elfu 38 kwenye bahasha, akaniambia, "Mwalimu, mahindi yameungua, unataka nikamate nani?"

Sikuwa na jibu. Neno hiari lina maana yake, na mwaka ule kweli mahindi yaliungua.

Sasa mlinzi. Nitamwita Babu kwa sababu watoto walimwita hivyo. Alikuwa anaingia saa 12 jioni anatoka saa 12 asubuhi, siku 7, Krismasi na Idi humo humo. Rungu, tochi, redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ukijumlisha ni saa 84 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, na anayefanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi aongezwe angalau asilimia 5 kwa kila saa ya usiku. Niliwahi kumsomea kile kifungu tukiwa tumekaa barazani. Akacheka mpaka akakohoa.

Hakuwahi kunidai kwa mdomo. Tarehe 5 ikifika alikuwa anasimama mlangoni mwa ofisi, anasalimia, anauliza habari za mama watoto, kisha anasema, "Mwalimu, zile betri za tochi vipi?" Mimi najua betri ni mshahara. Yeye anajua ninajua. Nikisema "bado Babu", anaitikia "haya", anaenda. Miezi 4 mfululizo aliulizia betri.

Mwezi wa 4 nikafanya upuuzi. Tangu FFARS, mfumo wa serikali wa hesabu za shule na zahanati, uje mwaka 2017, kila malipo ya shule lazima yaangukie kwenye kasma inayotambulika, yaani fungu la bajeti lenye jina. Kasma ya ukarabati ilikuwa na hela kidogo. Nikaandika hati ya malipo ya fundi wa madawati, 180,000, nikamsainisha Babu. Madawati yenyewe tuliyagongelea mimi na mwalimu wa michezo Jumamosi mbili, kwa hiyo moyoni nilijiona sijaiba, nimehamisha tu jasho letu kwenda kwake. Mkaguzi wa ndani alipokuja, kijana mdogo tu, mpole, akaomba kumwona fundi. Nikamwita Babu. Kijana akamuuliza, "Mzee, wewe ndiye fundi wa madawati?" Babu akajibu, "Hapana mwanangu, mimi ni mlinzi."

Hoja ya ukaguzi ikaandikwa. Nikatakiwa kurejesha 180,000, nikarejesha kwa mafungu 3 kutoka kwenye posho yangu. Sikumlaumu Babu na simlaumu yule kijana. Karatasi ilikuwa ya uongo. Ila naomba mnaosema mwalimu mkuu anakula mjue kwamba kuna wengine tumeandikiwa hoja kwa kulipa mtu aliyefanya kazi.

Kwa wapishi ndiyo kuna ubaya zaidi, kwa sababu mlinzi angalau kila mtu anakubali ni kazi. Mpishi wa shule anaitwa "mama anayejitolea". Tulikuwa nao 2. Saa 10 alfajiri wako kwenye mafiga, sufuria la lita 100, kuni mbichi, moshi mtupu. Mwezi ukiwa mbaya tuliwalipa kwa mahindi yaliyobaki stoo, debe moja moja. Siku moja mmoja wao aliteleza akiepua, uji ukammwagikia kutoka kiwiko hadi vidole. Hana bima, hana mkataba, hana wa kumfidia. Walimu tulichangishana elfu 2 kila mmoja tukalipa zahanati. Wiki iliyofuata alirudi mkono umefungwa kitambaa, anakoroga kwa mkono wa kushoto, maana alijua asipokuja nafasi itachukuliwa na jirani yake. Na sisi ofisini tuliandika kwenye taarifa ya wilaya kwamba shule yetu inatoa chakula, tukapongezwa.

Shemeji yangu yuko Taveta, upande wa pili wa mpaka, anasema kwao bodi ya shule ndiyo inaajiri na watu wana barua za ajira. Vizuri. Lakini hela ya kuwalipa inategemea mgao wa serikali ya Kenya, ule wa Ksh 22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na mgao ukichelewa au ukija pungufu wa kwanza kukosa ni yule yule mpishi. Kwa hiyo barua peke yake haitoshi.

Mwaka 2021 zikaja fedha za Uviko, nchi nzima yakajengwa madarasa 15,000, mengi yakiwa ya sekondari. Jirani yetu wa sekondari alipata 4, vioo na marumaru, mazuri kweli. Mlinzi wao alibaki mmoja na elfu 60 zake, sasa analinda madirisha mengi zaidi. Jengo lina mfadhili na jiwe la msingi. Anayelifunga usiku hana fungu.

Mtaniuliza ingegharimu kiasi gani. Chukua shule yangu, mlinzi 1 na wapishi 2. Kima cha chini kilichoanza Januari 2023 kwa sekta binafsi zisizotajwa kwenye amri ya mishahara kilikuwa 150,000, hadi mwisho wa 2025. Watumishi wa umma wao kima chao kimepanda kutoka 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, lakini tuwe wanyenyekevu, tuchukue hiyo 150,000. Watu 3 ni 450,000 kwa mwezi, 5,400,000 kwa mwaka. Ongeza asilimia 10 ya mwajiri ya NSSF, inakuwa 5,940,000. Kumbuka kapitesheni yote iliyonifikia ni 3,840,000. Yaani hata ningeacha kununua chaki nisingeweza. Kapitesheni ikipanda kutoka 10,000 hadi 20,000, nyongeza yote ikaja shuleni ikiwa na kasma yake ya wahudumu, ningelipa wote 3 na kubaki na chenji 460,000. Hilo ndilo ninalolitaka mimi, kasma yenye jina lao. Kumfukuza mwalimu mkuu mmoja mmoja hakutaleta mshahara wa mama yako.

Nilipokabidhi ofisi 2022, hati ya makabidhiano ilikuwa na madawati 211, makabati 3, sufuria 2, hadi fagio. Nikaongeza mstari kwa kalamu: mlinzi 1, anaidai shule miezi 2. Afisa akaniambia mtu haandikwi kwenye orodha ya mali. Nikamwambia basi nioneshe orodha anayoandikwa. Tukasaini ukiwa hivyo hivyo.

Turudi kwa mama. Kwanza, nenda shuleni ukasome ubao wa matangazo, mapato na matumizi ya kapitesheni yanatakiwa kubandikwa. Yasipokuwepo, hapo ndipo uanze kumshuku mwalimu mkuu. Pili, uliza mchango wa chakula unakusanywa na nani, maana mara nyingi ni mtendaji au kamati, na vitabu vya stakabadhi viko huko. Tatu, mwenyekiti wa kamati ya shule ni mzazi kama wewe. Mwombe suala la mama liingie kwenye muhtasari wa kikao, liandikwe kiasi na miezi, siyo kuzungumzwa tu. Na mama aanze daftari lake leo, tarehe aliyopika, watoto wangapi, alichopewa, na anayempa asaini. Hata akipewa debe la mahindi, liandikwe.

Usiende na vitisho siku ya kwanza. Ukikuta hela zilikusanywa na hazijamfikia, niandikie hapa hapa, nitakuelekeza namna ya kuandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri na nakala zipite wapi.