Maswali ya Wasomaji: Simu ya Mgeni na Mashine ya Kadi ya Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha nyumba ndogo ya wageni hapa Jinja. Mashine yangu ya kadi ni ya zamani, ile yenye mfereji wa kuchanjia kadi ubavuni na tundu la chipu upande wa chini. Mwezi uliopita mgeni kutoka Marekani aliisogeza simu yake ya Samsung karibu na mfereji huo, mashine ikalia na risiti ikatoka. Siku mbili baadaye mgeni mwingine alijaribu vivyo hivyo kwa iPhone, mashine ikanyamaza kabisa. Zaidi ya hayo, nilipolinganisha risiti ya yule wa kwanza na kadi aliyonionyesha, niliona kwamba tarakimu nne za mwisho hazifanani. Je, nilitapeliwa? Na je, kipo kifaa cha kununua ili mashine hii ipokee simu zote?
Mwenye nyumba ya wageni, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, hukutapeliwa. Tarakimu zilizokutia wasiwasi ndizo zinazoonyesha kwamba malipo yale yalikuwa na ulinzi zaidi kuliko kama mgeni angechanja kadi yenyewe.

Mtu anapoingiza kadi yake katika pochi ya simu, yaani programu ya kulipia kwa simu, simu haitumii namba halisi ya kadi kulipia. Mtandao wa kadi, kama Visa au Mastercard, huipatia simu hiyo namba mbadala, iitwayo tokeni, ambayo kwa sura ni kama namba ya kadi ya kawaida, na kila malipo huambatana na msimbo unaotumika mara moja tu. Mashine yako huipokea namba hiyo na kuipeleka benki bila kujua tofauti. Huko mbele ndiko tokeni inakooanishwa na kadi yenyewe. Kwa hiyo mwizi akinasa kilichopita kwenye mashine yako, hapati namba ya kadi, na ule msimbo wa mara moja ukishatumika haumfai tena. Risiti ilichapisha tarakimu za mwisho za tokeni, wala si za kadi uliyoonyeshwa.

Sasa kuhusu simu moja kukubaliwa na nyingine kukataliwa. Mfereji wa mashine yako una kichwa kidogo kinachosoma mabadiliko ya sumaku kadiri ukanda mweusi wa kadi unavyopita mbele yake. Kampuni ya Kimarekani iitwayo LoopPay ilibuni koili ndogo, yaani waya uliozungushwa, inayotoa mabadiliko yaleyale hewani, hata kichwa hicho kikaamini kwamba kadi imepita. Mmoja wa waanzilishi wake, George Wallner, ndiye aliyekuwa ameanzisha Hypercom, kampuni iliyotengeneza mashine za kadi, na kwangu mimi haishangazi kwamba aliyejua kuzitengeneza ndiye aliyejua pia namna ya kuzihadaa. Samsung iliinunua LoopPay mwezi wa Februari 2015, ikaweka koili hiyo ndani ya simu zake na kutuma tokeni kwa njia hiyo ya sumaku. Apple haikupita huko: tangu Apple Pay, pochi ya simu za iPhone, ilipoanza Oktoba 2014 imetegemea NFC peke yake, yaani redio ya masafa mafupi sana, kiasi cha sentimita nne, ambayo lazima mashine iwe na antena yake. Mashine isiyo na antena haina sikio la kuisikia iPhone, hata ukiisugua simu hapo mpaka jioni.

Usijenge matumaini yako juu ya njia ya sumaku. Haikufanya kazi kwenye mashine zinazoimeza kadi nzima, kwa kuwa nyingi kati ya hizo hungoja kwanza kuhisi kadi imeingia, na simu za Samsung za Galaxy S21 zilizouzwa Marekani mwaka 2021 zilitoka bila koili hiyo. Ukanda wa sumaku wenyewe unaelekea kuondoka: Mastercard imetangaza kwamba ifikapo mwaka 2033 kadi zake hazitakuwa nao.

Kuhusu kifaa cha kubandika, ushauri wangu ni kwamba usinunue kitu chochote cha kupachika kwenye mfereji au kwenye tundu, hata muuzaji akiapa kwa mbingu na ardhi. Vifaa vya wezi wa namba za kadi hubandikwa papo hapo, na benki ikikikuta utakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Badala yake, igeuze mashine uitazame: je, ina alama ya vijistari vinne vilivyopinda, kama mawimbi yanayotoka upande mmoja? Ikiwa ipo, huenda antena imo ndani ila programu yake haijawashwa, na benki iliyokupa mashine ndiyo inayoweza kuiwasha. Ikiwa haipo, omba ubadilishiwe mashine, na kabla ya kutia sahihi uliza kama hiyo mpya inatambua kwamba mteja amekwisha kuthibitishwa kwa alama ya kidole au uso kwenye simu yake. Baadhi ya mashine za mwanzo za NFC hazielewi jambo hilo, kwa hiyo malipo yakizidi kiwango fulani huyakataa ingawa simu imefanya kila kitu sawasawa.

Wageni wako wa hapa nchini hawahitaji kuingojea mashine hiyo. Mobile money ya MTN imekuwapo Uganda tangu mwaka 2009, na mwenye laini ya MTN au Airtel anaweza kukulipa kwa msimbo wako wa biashara, akiweka namba yake ya siri kwenye simu yake mwenyewe. Ila usimkabidhi ufunguo wa chumba kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mgeni, kwa maana ujumbe huweza kughushiwa. Ngoja wako uingie, kisha tazama salio.

Jambo la mwisho linahusu kurudisha fedha. Mgeni aliyelipa kwa pochi ya simu akighairi chumba, usimwombe kadi ya plastiki, kwa sababu namba yake haitalingana na ile iliyomo katika kumbukumbu za mashine. Mwombe aisogeze simu ileile aliyolipia, na risiti ya kwanza uiweke mkononi.