Jibu: Kupata siti Bagamoyo–Makumbusho asubuhi

Ndugu, umeuliza kwa nini unasimama kwenye daladala ya Bagamoyo hadi stendi ya Makumbusho, Dar, kila asubuhi na nauli unalipa kamili. Shida ni pale unapopandia. Ukisubiri njiani, gari inafika siti zimeshajaa, na konda atakwambia "sogea nyuma, nyuma kweupe" (kweupe gani, anajua mwenyewe). Mimi narudi kwanza stendi ya Bagamoyo gari inakoanzia, hata kwa bodaboda, kabla ya saa kumi na moja na nusu. Naondoka nimekaa. Ukichelewa, simama jirani na wanafunzi, hao hawafiki mbali. Treni sahau: ile ya mjini iliyoanza 2012 inaishia hukohuko Dar, na nilipoipanda jioni kwenda Pugu tulibanana vilevile.