Picha inakatika saa tisa kasoro robo na anga ni jeupe: je, LNB imekufa?

SWALI: Niko Morogoro, nina dishi la sentimita 90 lililoelekezwa kwenye setilaiti ya nyuzi 7 Mashariki. Tangu tarehe 17 Septemba, kila siku ikifika saa tisa kasoro robo alasiri picha inakatika vipande vipande, inaganda, inapotea dakika nne au tano, kisha inarudi yenyewe. Hakuna hata wingu. Fundi anasema LNB, kile kipokezi kilicho mbele ya dishi, imekufa, ninunue nyingine. Nifanyeje?

JIBU: Usinunue. LNB iliyokufa haifufuki baada ya dakika tano, wala haijui saa. Kinachokukatia picha ni jua.

Setilaiti ya matangazo hukaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, ikizunguka kwa mwendo mmoja na dunia. Ndiyo maana dishi lako limefungwa na halihami. Ukiwa Morogoro, setilaiti ya nyuzi 7 iko magharibi ikielemea kaskazini kidogo, kama nyuzi 281 za dira, kwenye kimo cha nyuzi 53 hivi. Mara mbili kwa mwaka jua hupita nyuma yake kabisa. Jua nalo hutoa mawimbi ya redio, yakiwemo ya masafa yaleyale ya Ku, yaani ya matangazo ya setilaiti, ambayo LNB inayapokea, na dishi halichagui: linakusanya yote. Setilaiti inaendelea kurusha kama kawaida, ila king'amuzi hakiwezi tena kuchambua matangazo ndani ya kelele hiyo.

Kwa kuwa uko kusini mwa ikweta, hali hii kwako hufikia kilele siku tatu hivi kabla usiku na mchana hazijalingana mwezi Septemba, yaani tarehe 19 au 20, na siku tatu baada ya kulingana mwezi Machi, karibu na tarehe 23. Machi saa itasogea kidogo, iwe karibu saa tisa kamili. Nairobi, iliyo jirani na ikweta, huipata karibu na siku zenyewe za kulingana. Muscat, walio kaskazini, huipata mapema Machi na mwanzoni mwa Oktoba.

Ili uwe na hakika, fungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi saa nane na dakika 35. Andika namba mbili, nguvu na ubora, kila baada ya dakika mbili hadi saa tisa na dakika tano. Kama ni jua, ubora utashuka taratibu, utafika chini, utapanda taratibu vilevile, huku nguvu ikibaki palepale au hata kupanda kidogo, kwa sababu kelele ya jua nayo inahesabiwa kama nguvu. Mvua nzito huangusha vyote viwili. Konekta iliyolegea au kuingia maji hukata ghafla, bila kufuata saa. LNB inayochoshwa na joto husumbua kwa saa nzima au zaidi mchana, na haingoji Septemba. Muda huo wote usitafute chaneli upya: king'amuzi hakitapata kitu, na vingine hufuta orodha iliyokuwapo. Wala usiguse dishi.

Namba hizo zina faida nyingine ambayo mafundi wengi wanaiacha ipite. Dishi la sentimita 90 huona sehemu ya anga yenye upana wa nyuzi 2 hivi, na jua husogea nyuzi 1 kila dakika 4. Dishi lililolengwa sawasawa hapo Morogoro litafikisha ubora chini kabisa karibu saa nane na dakika 46. Likichelewa au kuwahi dakika tatu au nne, dishi limehama karibu nyuzi moja, likazwe na kulengwa upya jua likishapita. Vilevile, jirani mwenye dishi kama lako akipoteza dakika tatu na wewe nane, ubora wako hauna akiba, na masika utaumia zaidi yake.

Tazama pia kivuli. Dakika hizo jua liko mahali palepale ilipo setilaiti, kwa hiyo tawi la mwembe likitia kivuli usoni mwa dishi, tawi hilo linakula mawimbi mwaka mzima. Likate. Angalia kivuli kwenye dishi tu, usilitazame jua.

Kama dishi limechakaa na unataka kulipaka rangi, tumia rangi isiyong'aa. Dishi hukusanya mwanga na joto kama linavyokusanya mawimbi, na likipakwa rangi ya fedha inayometa, dakika hizihizi za Septemba zinaweza kuyeyusha kofia ya plastiki ya LNB. Hapo ndipo utakapolazimika kununua nyingine.