Mjomba, nyama ya ng'ombe inategemea uko jimbo gani

Assalaam aleikum mjomba. Umeuliza vipi huku India nikiwa mji wa Pune nasema nyama ya ng'ombe hakuna, kisha nikenda jimbo la Kerala nakutumia picha ya sahani ya ng'ombe na paratha. Ukadhani nakuficha kitu. Wallahi sikufichi.

Huku serikali si moja. Katiba yao ya 1950 ina orodha tatu: mambo ya Delhi, yaani serikali kuu, mambo ya majimbo, na mambo ya pamoja. Mifugo imo katika orodha ya majimbo. Basi Maharashtra, iliko Pune, ng'ombe jike ni haramu kuchinjwa tangu zamani, na 2015 wakaongeza fahali na maksai. Sisi tunakula nyati wa kufugwa. Nyama yake ngumu, unaichemsha mpaka gesi inakwisha. Kerala ng'ombe ananing'inia buchani mchana kweupe.

Na si nyama tu. Viza yangu ni ya Delhi, polisi wa mtaani ni wa jimbo; mwanzo nilipoteza siku nyingi nikibisha mlango siwo. Rafiki yangu alihamia Bengaluru, jimbo la Karnataka, na pikipiki yake ya nambari za MH, yaani Maharashtra. Ikipita miezi kumi na miwili lazima aisajili upya kwa herufi za KA za Karnataka, na kodi ya barabara alipe tena huko. Aliyolipa Pune, akaidai mwenyewe.

Lakini usifananishe na Muungano wetu, mjomba. Kwetu lisilokuwemo katika mambo ya Muungano, Zanzibar inajiamulia. Kwao lisiloandikwa popote ni la Delhi. Tena Bunge la Delhi lina uwezo wa kulikata jimbo: 2014 Telangana ilimegwa kutoka Andhra Pradesh, na baraza la jimbo lilikuwa limeukataa mswada. 2019 Jammu na Kashmir ikavuliwa hata hadhi ya kuwa jimbo. Hilo linaniuma, maana mimi mtoto wa Unguja najua watu wanavyoionea uchungu serikali yao.

Huyo binamu anayetaka kuja kusoma, mwambie asichague chuo kwa ada peke yake. Aniulize kwanza kiko jimbo gani. Pune atakutana na fomu za Kimarathi, Chennai Kitamil, na Kihindi alichojifunza kwenye filamu Chennai hakitamfikisha mbali.